Namba Iliyokataa Rangi

Marieta alichelewa mashineni. Foleni ilikuwa ndefu, na alipotoka Nambis na kiroba cha unga kichwani, jua lilikuwa limeshazama na ukungu unashuka. Nyumbani kwao Bashay bado kulikuwa mbali. Kwa hiyo lori la Xavery liliposimama kando yake, alimshukuru Mungu.

Xavery akamwamkia shikamoo, akamwambia mbele pamejaa, apande nyuma, hakuna mtu ila magunia ya maharage. Kijana huyo alikuwa na maneno mengi. Tangu biashara iwe huria na jeshi liuze magari yake chakavu kwa mnada, wilaya nzima ilichoshwa na sifa za lori lake. Alilipaka rangi ya bluu, akarudia, lakini ukungu ukilowesha bodi, namba nyeupe ya jeshi ilijitokeza tena nyuma.

Marieta aliiona.

Aliijua namba ile. Mwaka wa vita vya Kagera, lori lilipokuja kuchukua vijana, alilia hata akashindwa kumtazama mumewe Margwe usoni. Akatazama namba, tarakimu zake zimekatika katikati kwa kupigwa rangi kupitia bati lililotobolewa, mpaka vumbi likaifunika. Margwe hakurudi. Haikuja barua, haikuja maiti. Miaka karibu ishirini Marieta hakuolewa tena, wala hakunyoa nywele za msiba ili marehemu aende zake, maana mama mkwe wake, Fransiska, alikataa katakata. Mwanangu yuko njiani, alisema, na kila jioni alimwita kwa jina akimwekea ugali wake.

Marieta akapanda.

Giza. Harufu ya mafuta ya bunduki... na makoti ya sufu yaliyolowa. Lori likaondoka. Macho yalipozoea giza, akaona si magunia peke yake. Watu walikaa pande zote mbili, magoti yamegusana, vichwa chini. Hakuna aliyekohoa.

Mmoja akasogea kumpa nafasi.

"Marieta," akanong'ona. "Umezeeka."

Margwe akamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na bado Marieta alifurahi, na furaha ile ndiyo iliyomuuma zaidi. Akamwambia hashuki tena, atakwenda naye popote.

"Utashuka," Margwe akasema. "Mama ananiita kila jioni, nami nageuka. Wenzangu wananisubiri. Tumechoka, Marieta. Ninyoleeni."

Lori likasimama.

Bashay. Xavery akaja kumshushia unga, akamulika nyuma kwa tochi. Maharage tu. Akamuuliza alikuwa akiongea na nani, Marieta akajitwika kiroba. Lori likateremka, mlio wake ukapotea.

Jikoni Fransiska alikuwa anafunika sahani. Marieta akapiga magoti, akamweleza yote, hata lile la kuchoka. Alijua atafukuzwa. Badala yake bibi akatafuta wembe, akafungua kitambaa chake kichwani.

"Anza na mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyemchelewesha."

Marieta akanyoa, machozi yakidondokea zile mvi. Nje, karibu na ua, injini ilikuwa inanguruma taratibu. Fransiska akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, halafu akaurudisha. Nywele za mwisho zilipoanguka, gia ikaingia, na mlio ukapanda mlimani, upande usio na barabara.

Fransiska akausikiliza mpaka ukaisha.

"Hakuaga," akasema.