Feni Iliyofungwa Kamba

Dada Kadi, ndivyo wateja walivyomwita kwa sababu ya kadi za harusi alizobuni, alikuwa akipenya katikati ya watu kwenye jengo la maduka ya kompyuta, kaikumbatia CPU yake kifuani. Gauni lake la kijani lilishaloa jasho mgongoni.

"Dada, huyo mtoto anaumwa nini?" aliuliza fundi mmoja, kachomeka bisibisi nyuma ya sikio kama kalamu.

"Anazimia. Nikikolea kazini tu, pu! Kazimika."

"Mlete kwa daktari. Na mama mtu je, nimpime?"

"Ishia kwa mtoto!" alijibu, lakini meno yote nje.

Fundi alifungua, akapuliza vumbi. Akamweleza kwamba feni ikizidiwa, kompyuta hupata joto, na joto likizidi hujizima yenyewe isiungue. Siku hiyo ilipona kweli. Wiki iliyofuata fundi alipita nyumbani kuikagua, eti huduma ya bure, na haikukaa ikaanza tena kuzimika.

Basi akawa mtu wa kuja. Shati limenyooka, manukato yanatangulia mlangoni. Anafungua, anagusagusa, kompyuta inapoa, inawaka, wanakaa kuzungumza. Mapenzi ni kikohozi, jamani, mtaa mzima ulishajua.

"Mgonjwa wangu hajambo?" angeuliza kwenye simu.

"Yupi, mimi au kompyuta?"

"Yule anayenuna nikichelewa."

"Basi njoo, daktari, kanuna."

Kisha shule moja ikampa Dada Kadi kitabu cha mahafali akibuni, kazi aliyoiota miaka. Kompyuta ikazimika, kurasa zikapotea, akaanza upya, ikazimika tena. Shule ikachoka, ikampa mtu mwingine. Alilia mpaka kwikwi. Fundi alimfuta machozi kwa mkono wa shati lake, akamwambia, "Nipo, mama." Papo hapo akamwomba wafunge ndoa, naye akakubali. Shangazi yake, aliyemlea, akajiandaa kupokea wazazi wa bwana harusi Jumamosi.

Ijumaa mchana, pu! Fundi alipigiwa simu, hakupokea. "Kwani kuna uchawi gani?" Dada Kadi alisema, akachukua bisibisi mwenyewe. Ndani hakukuta vumbi. Aliiwasha ikiwa wazi, akaona feni ya nyuma inazunguka, ya katikati imetulia tuli. Aliufuata waya wake kwa kidole. Ulikuwa umechomolewa, ukakunjwa vizuri, ukafungwa kwa kamba nyeusi ya plastiki, moja ya zile zile ambazo fundi wake alifungia kila waya. Akakaa sakafuni.

Simu ikaita. "Mpenzi, nilikuwa juu ya dari, sikusikia."

"Nani kachomoa waya wa feni?"

Akamsikia akifunga mlango upande wa pili.

"Nakuuliza wewe!"

"Sikiliza, mama..."

"Usiniite mama!"

"Nilitaka sababu ya kuja kwako. Niliogopa ikipona hutaniita tena. Kila nikija nasema leo naurudisha, halafu naona aibu, naona hofu."

"Na siku uliponifuta machozi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Loh! Angedanganya hapo, pengine ingemuuma kidogo.

"Ungegonga tu mlango," alisema huku analia. "Hata bila kitu mkononi, ungegonga tu. Ningekufungulia."

"Nakuja sasa hivi."

"Usije."

Alikata kamba kwa mkasi, akaurudisha waya, feni ikazunguka. Hasira ikampanda upya kuona ilivyokuwa kazi ndogo. Akampigia shangazi yake, akamsimulia yote, akamwomba awaambie wageni wasije.

"Mwanangu, fikiri. Ana mwanamke mwingine?"

"Hana."

"Basi anakupenda, ni ujinga tu wa kijana."

"Ananipenda, shangazi. Lakini kila kitakachoharibika nyumbani kwetu, hata mtoto akiugua, nitaanza kwa kumtazama mikono. Nitaishije?"

Shangazi alishusha pumzi ndefu. "Wageni niachie mimi," alisema. "Wewe lia."