Ubeti wa Tatu wa Sadoki

Jumamosi ile tulikuwa tunageuza kahawa kwenye chanja, hapa kijijini kwetu Ruanda, si mbali na Tunduma, Boazi aliponiomba jembe. Boazi ni mtoto wa baba yangu mdogo, ana studio ya muziki Tunduma, na akishikwa na jambo hapati usingizi. Safari hii alikuwa ameshikwa na wimbo.

Wimbo huo Sadoki alimtungia mchumba wake, bibi yetu Tukuswiga, dada wa babu, alipokwenda kwenye machimbo ya shaba ng'ambo ya mpaka. Aliurekodi huko mwaka 1957, Bibi akiwa na miaka kumi na saba, akamtumia santuri moja. Mwaka uliofuata mgodi ulimfukia. Maiti haikurudi. Basi wazee waliivisha santuri ile sanda, wakaitia kwenye sanduku la bati, wakaizika kama mtu, nyuma ya shamba la kahawa. Bibi hakuolewa maisha yake yote.

Baadaye bendi moja ya Mbeya iliurudia wimbo, na mwaka 1989 kikundi cha Tunduma kikautoa kwenye kaseti. Wote waliimba beti mbili tu. Wa tatu wazee waliukataza, kwa sababu humo Sadoki anamwita Bibi kwa jina, na aliyezikwa haachwi amwite aliye hai.

"Bibi ana miaka themanini na tano," Boazi alininong'oneza. "Afe hajaisikia tena sauti yake?"

Nilijua tunakosea. Na aliyechimba ni mimi.

Santuri ilitoka nzima. Tuliiweka kwenye gramafoni ya Bibi, saa tisa mchana, jua linawaka. Boazi akawasha simu arekodi. Bibi alikaa kwenye kigoda, amejifunga khanga mpya. Kumbe alikuwa ameniona nikichimba, asinizuie.

Ubeti wa kwanza alilia. Wa pili alitabasamu. Kisha gitaa likatulia.

"Tukuswiga, nipo mlangoni."

Mlango ulikuwa wazi. Hakukuwa na mtu.

"Bibi, usiitike," nilinong'ona.

Alinitazama kwa huruma. "Nimengoja sana, mjukuu wangu."

Akageukia mlango. "Abee."

Nilimdaka akianguka. Alikuwa mwepesi mno, na mikono yangu bado ilikuwa na udongo wa kaburi.

Tulimzika palepale nyuma ya kahawa, santuri kifuani. Kwenye simu ya Boazi sauti yangu inasikika vizuri, namwambia asiitike. Ya Bibi haimo. Boazi alizima simu akalia kama mtoto, na studio hajaifungua tena.

Mwezi uliopita nilizidiwa na majonzi. Nikaweka ile kaseti ya 1989, ya beti mbili, nimlilie Bibi kidogo. Ubeti wa pili ukaisha. Nikanyoosha mkono nizime.

Mwanamume akaita.

Msichana akaitika. Wa miaka kumi na saba hivi, anahema kama aliyekuja mbio.

"Abee."

Halafu, humohumo kwenye kaseti, nikasikia mlango ukifungwa, polepole.