Pumzi Ndani ya Bomba

Kyalo wa kule Buxton si mtu wa porojo, na ukimwomba akusimulie haya, kwanza atakwambia umwache. Ukimganda, atasimulia kwa sauti ya chini, mkono mmoja ukiwa kifuani.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Yeye na mwenzake Ogutu walikuwa juu ya paa la nyumba ya Sugrabai, mama wa Kihindi wa jamii ya Mabohora wa Mji wa Kale, wakiunga mabomba ya shaba ya kituo kipya cha redio. Mabomba hayo hupeleka nguvu za mtambo hadi mlingotini, na ndani yake unyevu hautakiwi hata chembe, sembuse kwa hewa ya chumvi kama ya Mombasa. Kila kipande hupanguswa kwa kitambaa kikavu, hufunikwa ncha zote mbili, na kazi ikiisha hujazwa gesi kavu kwa shinikizo.

Ogutu alikuwa bingwa wa mzaha. Kila mara alivua miwani, akaipulizia "haaa" mpaka ikaingia ukungu, akaifuta kwa shati.

"Utaimaliza hiyo miwani," Kyalo akamtania.

Alasiri Sugrabai aliwaletea chai ya tangawizi. Jua lilipoanza kuzama akapanda tena, mtandio kichwani, akaona bomba la mwisho liko wazi.

"Wanangu, Magharibi hiyo yaingia. Nyumba hii saa hizi hatuachi chombo wazi, hata chupa, kisije kikaingiwa na kitu. Funikeni."

"Twafunika, mama," Kyalo akajibu.

"Ngoja kwanza nitoe vumbi," Ogutu akasema akicheka. Akainama, akatia mdomo kwenye tundu, akapuliza.

Kyalo alimaka. Lahaula, pumzi ya mtu ni maji matupu! Alitaka kumgombeza, lakini adhana ilikuwa imeanza, na Ogutu alikuwa bado ameinama. Mbona haondoki? Mabega yalikuwa yakitetemeka. Kyalo akamshika kiunoni, akamvuta kwa nguvu zake zote.

"Limenivuta," Ogutu akanong'ona.

Ilipasa lile bomba walipanguse upya. Lakini Kyalo aliingiwa na hofu, akataka tu lile tundu lizibwe. Wakaunga, wakakaza bolti, wakajaza gesi. Wakapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote, na hapakuvuja popote.

Mshale wa geji ya kupimia shinikizo ukatulia. Kisha ukapanda kidogo. Ukashuka. Ukapanda tena.

"Ni joto," Ogutu akasema. Joto gani, na jua limeshazama?

Kyalo akamtazama mwenzake. Mshale ukipanda, kifua cha Ogutu kilibonyea. Ukishuka, kilijaa. Je, kila mara kilijaa zaidi ya mara ya kwanza? La. Kilipungua. Kilizidi kupungua.

"Kyalo. Sipati hewa."

Midomo ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Akaketi, kisha akalala. Mkono wake ukamshika Kyalo mguu, haukuwa na nguvu.

Kyalo akakimbilia valvu. Akafungua yote.

Gesi kavu haina harufu. Ile ilinuka chai ya tangawizi. Ilitoka kwa vipande vipande, haa, haa, kama mtu anayelia. Ikakata. Mshale ukalala kwenye sufuri, na Ogutu akavuta pumzi kubwa, akakohoa, akaketi.

Sugrabai alikuwa amesimama kwenye mlango wa ngazi, amejifunika mdomo kwa mtandio. "Yote imetoka?" akanong'ona.

"Yote, mama."

Sugrabai akamtazama Ogutu tu, akashuka.

Asubuhi walirudi kazini. Ogutu alikuwa mzima, amekula mahamri manne, maneno yake yale yale. Kyalo alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Basi Ogutu akavua miwani, akaisogeza mdomoni.

"Haaa."

Kioo kikabaki safi, bila ukungu. Akarudia. Akajaribu kwenye kioo cha simu, akajaribu kiganjani. Kukavu.

Kyalo akageuza uso, asione. Macho yakaangukia geji. Valvu ililala wazi usiku kucha, bomba halikuwa na kitu, mshale uko sufuri. Lakini kwa ndani, kioo cha geji kiliingia ukungu. Ukafutika. Ukaingia tena.

"Kyalo," Ogutu akamwita taratibu, akimnyooshea ile miwani. "Nipulizie wewe."

Kyalo akaipokea. Mdomo hakuthubutu kuufungua.