Saa Iliyobadili Jina

Kitendawili, msomaji wangu! Sijahama, sijaolewa, lakini jina nililoitwa zamani silo la leo. Umeshindwa? Haya, nipe mji. Jibu ni saa ya mji. Na jina lake hilo lilimtoa jasho Mama Pindo, fundi cherehani.

Asubuhi ile alishona mkono wa gauni mahali pa shingo. Akafumua. Akakosea tena. Binti yake, mimba ya kwanza, amelazwa nchi jirani, presha imepanda. Basi linaondoka kesho alfajiri, na pasipoti hana.

Simu ikalia. "Mama, utakuwepo nikijifungua?"

Mama Pindo akajikohoza. "Umekula, mwanangu?"

"Mama, nimekuuliza."

"Mtandao mbaya," akasema, akakata.

Jirani yake, Bi Waya, fundi wa kompyuta, alikuwa mlangoni na sketi ya kupunguzwa. "Mtandao mbaya wapi, shoga? Kuna nini?"

"Ofisi ya pasipoti wamenikatalia. Kitambulisho kinasema nimezaliwa tarehe tisa. Kompyuta yao mpya, inayotaka hadi saa ya kuzaliwa, inasema kumi. Eti nimeghushi! Nighushi siku moja, niifanyie nini?"

Bi Waya akaomba cheti cha kuzaliwa. Kiliandikwa: *Juni 9, 23:40, SZK.*

"Hizi herufi tatu ni kifupi cha jina la saa za hapa enzi hizo," akasema. "Leo tunatumia nyingine. Vaa viatu, twende."

Karani wa pasipoti alipowaona alishusha pumzi. "Mama, umerudi?"

"Nimerudi. Nina pengine pa kwenda?"

"Hizi SZK uliziingizaje?" Bi Waya akamuuliza.

"Kama zilivyo. Kompyuta ikazikubali."

"Ilizikubali, lakini za nani? Mtaani kwetu kuna Mfupi muuza mkaa na Mfupi kinyozi. Ukiita 'Mfupi', anaweza kuitika asiye wako. Siku hizi SZK ni herufi za nchi ya mbali, iliyo nyuma yetu saa nyingi. Kompyuta ikadhani mama alizaliwa huko. Huko ikiwa 23:40, kwetu ni tarehe kumi tayari."

Karani akakuna kichwa. "Niweke herufi za leo, basi?"

"Utamvika bibi gauni la mjukuu! Herufi achana nazo. Andika mji. Ndani ya kompyuta kuna orodha ya kanuni: mji huu, toka siku hii mpaka siku ile, saa zake zilikuwa hivi, kifupi chake hiki. Serikali ikibadili saa, mstari mpya unaongezwa, wa zamani haufutwi. Ipe mji, siku na saa. Herufi itazitafuta yenyewe."

Karani akafuta. Akachagua mji, akaandika siku na saa. Kiduara kikazunguka kwenye kioo. Kikazunguka. Mama Pindo akashika ukingo wa meza.

"Imekwama?"

"Subiri, mama."

Kikasimama. *Juni 9, 23:40, SZK.* Herufi zile zile, na hakuna aliyeziandika.

"Tarehe tisa," karani akasoma taratibu. "Nisamehe, mama. Pasipoti utaichukua leo leo, saa tisa."

Mama Pindo akatoka nje mbio, akapiga simu.

"Mtandao umetengemaa, mama?"

"Umetengemaa."

"Haya niambie. Utakuwepo?"

"Nitakuwepo, mwanangu. Mwambie huyo aliye tumboni asinitangulie."