Blanketi la Majina ya Kurrabin

Wanaonijua watashangaa kusikia nimeshika kalamu. Mimi, Murielle msusi wa Jeppestown, mdomo wangu ulikuwa haupumziki. Mteja akiketi kwangu saa tatu asubuhi, akiondoka saa nane mchana alikuwa anajua habari za mtaa mzima, na zake zilikuwa zimeshaanza safari. Leo naandika kwa sababu ninayo sababu, na utaijua kabla hatujaachana.

Ilikuwa Jumatatu ya mwezi wa pili, mwaka 2017. Dada yangu mkubwa, Agnès, niliyemwita yaya kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu, alikuwa na chumba cha ushonaji ghorofa ya kwanza, juu ya saluni yangu. Alikuwa anakichangia na Léocadie, mtu wa Bukavu, Kongo, kama sisi, tuliyezoea kumwita Mama Joël kwa jina la mwanawe. Urafiki wao ulikuwa wa kushibana. Mtoto pekee wa yaya, Shekinah, alipobatizwa, Léocadie ndiye aliyemsimamia.

Shekinah alikuwa na miaka saba. Kazaliwa hapahapa Joburg, Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Na alikuwa anajibu kweli. Kwa maneno alinishinda hata mimi mama mdogo wake, na watu walikuwa wanasema kanirithi mimi na si mama yake.

Siku hiyo nilikuwa nimepanda juu kuomba sindano. Akaingia bibi mmoja Mzungu kutoka Kensington, mtaa wa jirani, Bibi Thelma, mteja wa yaya wa siku nyingi. Alikuwa amekumbatia boksi. Ndani yake mlikuwa na blanketi la viraka, la zamani sana, limepauka, na kila kiraka kimetariziwa jina la mtu kwa uzi mwekundu.

Alituambia asili yake. Nje kidogo ya dunia tunayoijua, alisema, huko Australia, kuna mji mdogo unaitwa Kurrabin. Mji wa reli na ngano. Duka moja, kanisa moja, ghala la nafaka, na ukumbi wa mbao wenye paa la bati ambamo watu walikuwa wanaoana, wanacheza dansi na kuagwa wakifa. Wakati wa vita ya kwanza ya dunia wanawake wa pale walikata vitambaa, na kila mkazi akawekewa jina lake. Majina mia mbili na sita. Tangu hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne, kabla ya kupanda ngano, mji mzima hukusanyika ukumbini na majina husomwa. Aliye hai huitikia mwenyewe. Aliyekufa huitikiwa na ndugu yake.

"Na hiki?" yaya akauliza, akigusa kiraka cha katikati. Kilikuwa kitupu. Ukiinama ulikuwa unaona vitundu vya sindano vilivyobaki baada ya uzi kufumuliwa.

"Babu yangu," Bibi Thelma akasema.

Uliingia ugonjwa wa koo kwa watoto, ule unaomnyang'anya mtoto sauti kwanza, halafu pumzi. Babu huyo ndiye pekee aliyekuwa na motokaa. Wakamtuma mji wa jirani akalete daktari. Alipofika stesheni akaiacha motokaa, akapanda treni, kisha meli, akaja Johannesburg kutafuta dhahabu. Watoto kumi na mmoja walikufa wakimngoja. Wanawake wakalifumua jina lake. Miaka ikapita, na siku moja blanketi likafika kwa posta mlangoni kwake Kensington, bila barua. Likakaa kabatini tangu hapo. Sasa Kurrabin wamegeuza chumba kimoja cha ukumbi kuwa makumbusho, wanalitaka blanketi lao, na mwaka huu majina yatasomwa kutoka humo.

"Wanataka lirudi likiwa kamili," akasema. "Weka jina lolote pale katikati. Ila liwe la mtu aliye hai."

"Kwa nini usiweke lako, bibi?"

Akatazama sakafu. "Mimi nimeshazeeka," akajibu, akachukua mkoba wake na kushuka ngazi. Mzigo ulikuwa wa ukoo wake, na aliuacha mezani kwetu.

Yaya alikuwa na nguo za harusi zinamsubiri, akampa Léocadie kazi ile. "Weka jina lako, Mama Joël," nikamtania. "Utakuwa mwananchi wa Australia bila viza." Tukacheka wote watatu. Léocadie akakunja blanketi na kuliweka upande wake wa meza.

Alhamisi ya wiki hiyo Shekinah alikuwa anakula mkate kwenye saluni yangu. Ghafla akasimama wima, mikono ubavuni, akasema, "Present," kama mwanafunzi anayeitikia jina lake. Nikamuuliza anamjibu nani. Akasema kuna watu wanamwita. Nikajua ni michezo ya shule, nikaendelea kusuka.

Jumamosi sauti yake ilikuwa imekauka. Yaya akampa maji ya tangawizi. Jumatatu ikawa ya kunong'ona. Jumatano mtoto alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Tulimpeleka kliniki, daktari akammulika kooni, akasema koo ni safi kabisa, labda mtoto ameshtushwa na jambo. Yaya akaanza kukonda. Nyumba iliyozoea kelele za Shekinah ilikuwa inatisha kwa kimya chake.

Mimi ndiye niliyeona viatu vyake. Nilikuwa navikung'uta, udongo ukamwagika sakafuni, mwekundu. Sasa vumbi letu la Joburg, hasa upande huu wa machimbo ya zamani, ni la njano. Linaingia hadi kwenye chai na tunalijua. Udongo ule haukuwa wa kwetu. Na ndani yake mlikuwa na punje tatu za ngano.

Nikampa mtoto karatasi na kalamu. Nikamwambia achore anakokwenda.

Akachora ukumbi wenye paa la bati. Watu wamejaa, mistari kwa mistari. Benchi la mbele wameketi watoto. Nikawahesabu: kumi na mmoja. Macho aliwachorea, pua aliwachorea, midomo hapana. Mwisho wa benchi aliacha nafasi moja.

Nilipandisha karatasi ile juu, mtoto akinifuata. Yaya alikuwa kwenye cherehani, Léocadie anakata kitambaa. Léocadie aliitupia jicho, akaweka mkasi mezani polepole. Hakuuliza ni picha ya nini. Hapo ndipo yaya alipomtazama. Akainuka, akalivuta blanketi kutoka chini ya meza, akalikunjua.

Katikati, kwa uzi mpya mwekundu, paliandikwa Shekinah. Mishono ilikuwa imelalia kushoto. Léocadie ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa anashona kwa mkono wa kushoto.

"Mama Joël," yaya akanong'ona. "Ni nini hii?"

"Nilianzaka na yangu, yaya. Herufi mbili tu. Koo ikakauka. Nikasikia watu banapumua mu kitambaa." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Nikaogopa. Miye niko na Joël."

"Ukaona heri mwanangu."

"Sikujua kama itakuwa vile."

"Ulijua. Ulifumua yako."

Léocadie alichukua sweta yake na kutoka, na hadi leo hajarudi kuchukua cherehani lake. Nilitamani kumkimbiza ngazini nimrarue. Mama wa ubatizo, jamani. Mtu aliyemshika mtoto mbele ya madhabahu na kuahidi kumlinda.

Yaya alifumua jina lile palepale, uzi mmoja mmoja, kwa ncha ya sindano. Tukamgeukia Shekinah. Kimya. Tukangoja hadi jioni. Kimya. Asubuhi yake mtoto akaanza kuvuta pumzi kwa shida, na tukaelewa kwamba kiraka kile hakikubali tena kubaki kitupu.

"Teremka, fungua saluni," yaya akaniambia. "Miye nitamaliza."

Saa sita mchana nikasikia kelele juu. Nilipanda ngazi mbilimbili. Shekinah alikuwa kasimama katikati ya chumba, analalamika kwa Kizulu kwamba ana njaa. Nikalia mpaka nikakaa chini. Blanketi lilikuwa limeshafungwa ndani ya karatasi nene, na yaya alikuwa ameishona karatasi yenyewe pande zote.

"Umeweka jina la nani?" nikamuuliza.

Akanikumbatia. Alinikumbatia kwa muda mrefu, nakumbuka, uso wake ukiwa begani mwangu. "Yangu," akasema.

Akaniomba nilipeleke posta, eti yeye miguu haina nguvu. Nilipeleka mimi mwenyewe. Nilipanga foleni nikiwa nimelibeba kifuani, nikimlilia dada yangu. Nilifunga siku tatu kwa ajili yake, na koo iliponikauka nikadhani ni kilio. Kanisani nilitoa jina lake aombewe. Wiki mbili baadaye alihama, akaenda Cape Town na mtoto, akasema hataki nimwone akizimika. Nikaona huo ni upendo.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nne tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo. Mwalimu akainua mkono, nikafungua mdomo. Badala ya wimbo nikasema, "Niko hapa."

Wenzangu wakacheka. Nikataka kucheka nami. Hakuna kilichotoka.

Sauti haikurudi kesho yake. Wala wiki ile. Madaktari watatu wamenimulika, na wote wamesema koo ni safi. Wateja walinivumilia kidogo, kisha wakapungua. Saluni ya msusi bubu inachosha, siwalaumu. Kwaya waliniletea maua. Mpaka hapo, niamini, nilikuwa bado namwombea yaya. Niliwaza labda ugonjwa umenipata kwa huzuni.

Mwezi wa sita ilikuja barua kwa anwani ya chumba cha ushonaji. Ilitoka kwa katibu wa ukumbi wa Kurrabin. Aliwashukuru mafundi. Alisema shughuli ilianza saa moja jioni, ambayo kwetu huku ni saa nne asubuhi, na kwamba majina yote yaliitikiwa. Lile la katikati hakuna aliyelijua, kwa hiyo walitegemea kimya. Lakini mwanamke fulani aliitika kutoka nyuma kabisa ya ukumbi, kwa sauti nzuri, kwa lugha ambayo hawaifahamu. Walipogeuka hawakumwona. Katibu aliandika maneno hayo kama walivyoyasikia. Niko hapa.

Aliambatanisha picha ya blanketi likiwa ukutani. Niliisogeza dirishani.

Katikati paliandikwa Murielle Nabintu.

Jina langu lote. Na chini ya herufi ya mwisho, mshono mdogo wa mistari mitatu kama unyayo wa kuku. Mama yetu alitufundisha mshono ule Bukavu, kwa kumalizia kazi. Alitufundisha wawili tu. Mimi sijawahi kuutumia, kwa maana mimi ni wa nywele.

Nilipiga simu Cape Town. Yaya akapokea. "Allô?" Nilikuwa na uwezo wa kupumua tu, nikapumua. Nyuma yake nilimsikia Shekinah akiimba, tena kwa sauti kubwa.

"Murielle," akanong'ona. "Miye nilikuwa na mutoto. Weye ulikuwa peke yako."

Akakata. Namba ile haipatikani tena.

Nimelifikiria neno lake kwa miaka miwili. Kuna siku nasema hata mimi ningefanya vilevile kwa ajili ya mtoto yule. Kisha nakumbuka foleni ya posta. Angeniuliza, ningempa. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuniuliza. Alinikumbatia, akanipa nijipeleke mwenyewe.

Mwaka 2018 ilikuja barua nyingine. Majina yote yaliitikiwa, na safari hii sauti ilitoka katikati ya ukumbi.

Mwaka huu wa 2019 nilijiandaa. Jumamosi ile nilifunga mlango wa saluni, nikajifunga skafu mdomoni, mizunguko mitano, nikakaza fundo kisogoni. Saa nne ikafika. Taya zangu zilijaribu kufunguka na nikazizuia kwa mikono miwili. Saa nne na dakika kumi. Nusu. Hakuna neno lililonitoka, nina hakika. Nililia kwa furaha, peke yangu kwenye kiti cha wateja.

Barua imefika jana. Katibu anasema mwaka huu waliitika wote mia mbili na sita. Anasema sauti ya yule mwanamke ilisikika mbele kabisa, mwisho wa benchi lililotengwa kwa watoto wale kumi na mmoja, mahali ambapo hapajawahi kukaliwa na mtu. Walipowasha taa zote walikuta mbao zina joto.

Baada ya kuisoma nilikwenda kuitoa ile skafu kwenye droo, nilikoiweka tangu siku ile nilipoivulia kichwani bila kufungua fundo lake. Nikaifungua juu ya sinki. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ule wa ndani, uliokuwa umegusa midomo yangu, ulikuwa umejaa udongo mwekundu. Nimeusuuza mara nne na maji bado yanatoka na rangi.