Aliyembeba Gavana

Siku redio ilipotangaza kwamba Dokta Anuar Shaban ndiye gavana mteule wa benki kuu, dada yake Fathiya alikuwa jikoni kwao, Biharamulo mjini, akionja mchuzi wa mbuzi wa sherehe.

"Mbona bado wa baridi?" aliuliza.

Sufuria lilikuwa linatokota. Akachota tena, akanywa, akalalamika tena, na majirani wakapiga mayowe walipoona midomo yake ikivimba malengelenge. Mama yao, Bi Biubwa, hakupiga mayowe. Alikaa chini palepale, maana alijua.

Ukoo wao ulitoka pwani kufuata biashara ya ngozi, na pamoja na mizigo babu alikuja na jini lake. Kila Alhamisi liliwekewa chano cha halua na marashi katika chumba cha nyuma. Kazi yake ilikuwa kumpandisha vyeo mtoto mmoja wa kila kizazi na kumla mwingine polepole. Watoto hawa walipokuwa wadogo lilimuuliza Biubwa nani apande. Alimwonyesha Anuar kwa sababu ni wa kiume, basi, sababu nyingine hakuwa nayo. Anuar akapata nafasi ya kusomea uchumi ng'ambo, Fathiya akaamka kiziwi wa sikio moja. Anuar akawa mkurugenzi, jicho la Fathiya likaingia ukungu. Mji mzima ulikisifu kichwa cha Anuar, na yeye mwenyewe alikisifu kuliko wote.

Waganga wa mjini walikataa kazi ya kulifukuza. Aliyekubali ni Nyirabahizi, mama wa Kihangaza kutoka Murukulazo, kwa sharti kwamba Anuar awepo. Akaja kesho yake mchana, koti la bei mbaya mwilini, uso wa mtu aliyeitwa kwenye kikao kisichomhusu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Dada yako hafiki magharibi." Nyirabahizi alinong'ona, macho kwenye mlango. "Jini rikipanda kichwani kwake, wewe uriyefaidika useme kwa mdomo wako: sikutaki, chukua cheo chako. Maneno hayo tu ndiyo yanarifukuza. Na cheo kitaondoka, nisikudanganye."

Ubani ukawashwa. Mlango ulikuwa wazi na jua limejaa uani, kuku wakichakura, lakini chumba kilianza kunuka ngozi mbichi iliyoachwa kwenye gunia, harufu ikapanda kutoka sakafuni ikawaingia puani na kooni, na kichwa cha Fathiya kikaanguka kifuani, kikainuka tena taratibu, kikatazama mmoja mmoja kwa lile jicho bovu ambalo sasa lilikuwa linaona vizuri kabisa, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume mzee wa pwani, mpole, aliyeshiba.

"Gavana. Umekuja kunishukuru?"

Sasa mjue kazi aliyoifanya mtu huyu miaka yote. Kwa wakuu wa benki, sentensi moja iliyonyooka inaweza kuitikisa shilingi kabla ya jioni, kwa hiyo Anuar alijifunza kusema bila kushikika. Akakohoa.

"Kwa sasa," alisema, "na kwa kuzingatia mazingira yaliyopo, sikusudii kuendelea na uhusiano huu."

Nyirabahizi alijishika kichwa. Jini likacheka kwa kinywa cha Fathiya mpaka malengelenge yakapasuka, damu ikamchuruzika kidevuni.

"Kwa sasa! Na kesho?"

"Sema sikutaki," Biubwa alinong'ona akimvuta mwanawe koti. "Mwanangu, neno moja tu."

Jini, kwa ukatili wake, likampisha mwenye mwili aseme.

"Kaka Anuar," alisema Fathiya kwa sauti yake mwenyewe, "siisikii mikono yangu. Sasa siisikii na miguu. Sema, kaka. Nakuomba."

Hapo hayakuwa tena mazoea ya kazi. Maneno alikuwa nayo mdomoni, mafupi, mepesi, na dada yake aliyemfulia sare za shule alikuwa akimwangalia. Lakini Anuar aliwaza kuapishwa, ukumbi mzima ukisimama, wachumi waliowahi kumcheka wakingoja kumpa mkono, na jina lake likisainiwa kwenye kila noti ya nchi.

"Msimamo wangu," alisema, "haujabadilika."

Fathiya alifumba macho. Pumzi ikakata katikati, kifua hakikuinuka tena. Bi Biubwa alimkumbatia maiti, na kinywa cha maiti kikafunguka begani pake.

"Huyu amekwisha," jini lilisema, "na wewe bado unapanda. Una watoto wawili Dar es Salaam, wa kiume na wa kike. Nimle yupi?"

"Nichukue mimi!" Biubwa alilia.

"Mzee wewe, umebaki mifupa. Namuuliza gavana."

Nyirabahizi alishaanza kutoka kinyumenyume. Anuar aliweka tai yake sawa.

"Asmaa," alisema. "Mchukue Asmaa."