Maiki Kwenye Kola

— Dada, nimechoka. Kesho nahamia kwako.

Nilikuwa jikoni, nasugua sufuria iliyoungua, simu nimeibana begani.

— Kwani Fundi kakupiga?

— Angenipiga ningekuwa na la kusema. Mume wangu mpole, nampenda mpaka najionea huruma. Ila mimi si mke tena, ni masikio. Benki naongea mimi, hospitali mimi, mama yake akipiga napokea mimi. Siku nzima narudia maneno, hadi ndotoni narudia.

— Pole, mdogo wangu. Njoo.

Mume wangu anachomelea vyuma, na kelele za karakana zilimharibu masikio. Kituo cha huduma za usikivu kilimpa kifaa cha sikioni, pamoja na maiki ndogo ya kubana kwenye kola yangu ili sauti yangu imfikie hata nikiwa chumba kingine. Wakamwita pia kwenye mafunzo ya kusoma midomo. Akakataa. Mke ninaye, alisema.

Simu ikatetemeka. Ujumbe, kutoka sebuleni kwangu mwenyewe:

"Maiki hujaizima. Nimesikia yote. Endelea."

Nikamkatia dada simu. Fundi nilimkuta kwenye kochi, kainamisha kichwa.

— Umesikiliza muda wote, umenyamaza?

— Nikikuuliza una nini, unasema hamna kitu. Leo ndiyo umeniambia.

— Hata kukueleza nimechoka, baba. Nikieleza, inabidi nirudie.

Simu yake ikalia mezani: mama yake. Mkono wangu ukanyooka wenyewe, kwa mazoea. Akaiwahi, akaweka sauti ya nje.

— Mama, ongea polepole.

Mama akaongea upesi, kama kawaida yake.

— Sijasikia. Rudia.

Mimi nilishasikia. Nikauma ulimi.

— Rudia tena, mama.

— Nasema mkeo yuko wapi, yeye ananielewa haraka.

— Yupo, anapumzika. Leo utahangaika na mimi. Na Jumatatu naanza yale mafunzo ya kituoni.

Walihangaika kweli, maskini. Nikakaa chini, nikanyoosha miguu, machozi yakanitoka tu. Kisha nikamwandikia dada: "Kesho usinisubiri. Kesho kutwa sijui."

"Na godoro nililokuanikia?"

Nikamtazama Fundi, jasho linamtoka, anamwomba mama yake arudie kwa mara nyingine.

"Liingize ndani," nikajibu, "ila usilitandike."